Rangi au nyeusi na nyeupe? Mwongozo kamili wa kuamua kabla na baada ya kubonyeza

Wapiga picha wengi huamua suala la rangi mwishoni kabisa. Picha imetoka hovyo, uso umeingiwa na zambarau ya taa za ukumbini, nyuma kuna ndoo nyekundu imejipenyeza, basi kidole kinakwenda kwenye kitufe cha nyeusi na nyeupe. Mara mojamoja inasaidia. Mara nyingi picha iliyokuwa mbaya kwa rangi inakuwa mbaya kwa kijivu, ila sasa inajifanya ya sanaa.

Mifano ya mwongozo huu imetoka pwani yetu: harusi, soko la samaki, vichochoro vya Mji Mkongwe Zanzibar. Unamfaa mwenye kamera na mwenye simu. Swali linalouongoza kutoka mwanzo hadi mwisho ni hili: kwenye picha hii, rangi inafanya kazi gani?

Hatua ya 1: Sema picha yako kwa sentensi moja

Kabla hujabonyeza, jiambie kimoyomoyo unapiga nini. "Kijana anaruka baharini Forodhani." "Muuza embe anapanga mbivu juu, mbichi chini." "Mashangazi wa bibi harusi wamevaa sare."

Sentensi ya kwanza haina rangi ndani yake. Unachotaka ni umbo la mwili hewani, ukuta, maji yanayomsubiri. Ipige nyeusi na nyeupe bila wasiwasi, haitapungukiwa kitu. Ya pili bila rangi imekufa, maana embe mbivu na mbichi zitakuwa mawe ya kijivu. Ya tatu haijataja rangi, lakini sare ni rangi, na wenyewe wameilipia. Mpelekee mama wa bibi harusi albamu nzima ya nyeusi na nyeupe uone. "Mwanangu, picha nzuri, lakini sare yetu iko wapi?" Hapo huna jibu.

Ukishindwa kuisema picha kwa sentensi moja, tatizo lako bado si rangi. Tafuta kwanza unapiga nini.

Hatua ya 2: Pima kazi ya rangi iliyo mbele yako

Kuna wakati rangi ndiyo habari yenyewe. Pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, mnunuzi mzoefu anafunua shavu la samaki kuangalia kama ndani bado ni jekundu. Ukimpiga mtu yule nyeusi na nyeupe, mtazamaji ataona mkono na samaki tu, asijue mkono unatafuta nini. Ndivyo ilivyo kwa mistari ya daladala, michoro ya matatu za Nairobi, rangi za jezi, hina mkononi, rangi ya pilau. Hizo ziache zilivyo.

Kuna wakati rangi inabeba hali ya hewa ya picha: njano ya taa ya chemli, bluu ya alfajiri kabla ngalawa hazijaondoka. Hapa una hiari. Jiulize kama picha ingekuwa ileile mchana. Kama ingekuwa nyingine kabisa, basi mwanga ule na rangi yake ndio uliokuvuta, usiutupe.

Halafu kuna rangi ya fujo, nayo ndiyo inayotusumbua zaidi mitaani kwetu: turubai la bluu, ndoo ya plastiki, ukuta wa duka uliopakwa rangi za kampuni ya simu, mwavuli wa wakala. Nyekundu ndiyo mbaya kuliko zote. Ni kama simu inayolia katikati ya hitma, hata ikiwa kona ya mwisho kila mtu atageuka. Ukiona rangi ya aina hiyo, tiba ya kwanza ni miguu. Sogea hatua mbili, chuchumaa, ufiche mwavuli nyuma ya mhusika. Ukishindwa, ndipo nyeusi na nyeupe inapokuwa dawa ya haki, kwa sharti kwamba kilichobaki bado kina umbo na mwanga.

Jaribio la haraka: bana macho mpaka uone vipande tu vya mwanga na giza. Mhusika akibaki ametengana na kilicho nyuma yake, picha inaweza kuishi bila rangi. Akiyeyuka, ujue alikuwa anashikiliwa na rangi peke yake.

Kuna jambo ambalo jaribio hilo halipimi. Nyeusi na nyeupe hufuta wakati. Mvuvi wa Kizimkazi, mzee wa leo mwenye simu mfukoni na injini ya Yamaha kwenye boti, akitolewa rangi anakuwa mtu wa miaka ya 1950, na mikunjo ya uso wake inageuka kuwa hadithi ya dhiki ambayo pengine yeye mwenyewe haijui. Mimi huwa na shaka na picha za namna hiyo, hasa zikipigwa na mgeni wa siku mbili. Kama umetoa rangi ili mtu aonekane maskini zaidi au wa kale zaidi kuliko alivyo, mrudishie rangi yake.

Hatua ya 3: Soma mwanga, kisha saa

Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri jua la pwani liko juu ya kichwa. Macho yanaingia shimoni, rangi zinapauka, kuta nyeupe zinaungua. Kwa rangi huu ni muda mgumu. Kwa nyeusi na nyeupe ni muda wa kazi: kivuli cha paa juu ya baraza, mistari ya dirisha la mbao, misumari ya mlango wa Kizanzibari ambayo kila mmoja una kivuli chake. Nenda pale jua linapoparaza ukuta kwa ubavu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilizoanza kubanduka huonyesha kila shimo, na rangi ya ukuta inaweza kukuzuia usilione.

Ndani ya vichochoro hali ni tofauti. Jua halifiki chini, linagonga ukuta wa juu na kurudi likiwa laini. Hapo ngozi na nguo hutoka vizuri sana kwa rangi saa sita mchana kamili, jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havikwambii.

Siku ya mawingu, hasa msimu wa masika, watu hukimbilia nyeusi na nyeupe eti kwa sababu mbingu imekuwa ya kijivu. Nashauri kinyume. Mwanga wa wingu hauna kivuli, kwa hiyo picha isiyo na rangi inabaki kijivu kitupu kutoka juu hadi chini, ilhali rangi chini ya wingu, tena zilizolowa mvua, hukolea. Kanga kwenye kamba baada ya manyunyu haitaki kuhaririwa.

Jioni uwe mwepesi. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi kama 15 kwa saa, kwa hiyo mwanga wa dhahabu unakaa nusu saa hivi, na bluu inayofuata baada ya jua kuzama ni dakika 20 na kidogo. Mpiga picha wa Ulaya ya kaskazini ana muda wa kutosha wa kunywa kahawa katikati, sisi hatuna. Amua mapema kwamba muda huo ni wa rangi na uwe umeshasimama mahali pako.

Hatua ya 4: Tengeneza kamera ikuonyeshe kijivu bila kutupa rangi

Hatua hii ni ya kiufundi tu, lakini ndiyo inayokuruhusu kubadili mawazo baadaye.

Kwenye kamera, chagua kuhifadhi faili ghafi, yaani RAW, kisha weka mtindo wa picha uwe wa nyeusi na nyeupe. Canon, Nikon, Sony na Fujifilm zote zina mpangilio huo, majina ndiyo yanatofautiana. Skrini itakuonyesha kijivu, na kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani hata kitundu cha kuchungulia kitakuwa cha kijivu, lakini faili la RAW linabaki na rangi zake zote. Ukihifadhi JPEG peke yake, yaani faili la kawaida ambalo kamera imeshalichakata, katika mtindo huo, rangi zimekwenda na hazirudi.

Kwenye simu, piga kwa rangi kisha badilisha baadaye kwenye nakala. Programu ya picha ya iPhone inakuruhusu kuirudisha picha ilivyokuwa. Programu nyingine huandika juu ya faili la mwanzo, kwa hiyo jenga mazoea ya kutengeneza nakala kwanza. Na picha unayotaka kuihariri usiichukue kutoka WhatsApp. Imeshabanwa, na ukianza kuvuta vivuli utaona viboksiboksi. Mwambie aliyeipiga akutumie kama dokumenti.

Hatua ya 5: Pima mwanga kwa ngozi, siyo kwa kanzu

Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ukikichanganya kinatoa kijivu cha kati. Mbele ya bwana harusi mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, akiwa kwenye ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Kwa rangi utaona tope. Kwa nyeusi na nyeupe utaona tundu lenye meno.

Kwenye simu, gusa uso, shikilia mpaka ijifunge, kisha panda au shuka kwa kidole. Kwenye kamera, pima usoni au ongeza fidia ya mwanga huku ukiangalia histogramu, yaani ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga, giza kushoto na weupe kulia. Kikomo chako ni darizi za shingoni mwa kanzu: zikianza kupotea kwenye weupe, umepitiliza. Katikati ya darizi na mashavu ndipo ilipo picha yako.

Usiogope mng'ao kwenye ngozi nyeusi. Ndio unaochora mfupa wa shavu na paji la uso. Mtu akiwekewa dirisha au mlango ulio wazi ubavuni, mng'ao huo unafanya kazi yote, na picha inakubali kwenda upande wowote. Ukimwasha flashi ya mbele kwa mbele, unaua zote mbili.

Hatua ya 6: Geuza kwa kuchanganya rangi, usizinyonye tu

Watu wengi wanashusha kitelezi cha ukolevu wa rangi mpaka sifuri na kudhani wamemaliza. Tuchukue kanga ya kisutu, ile ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, iliyotandikwa juu ya majani ya kijani.

Kanuni moja ya kawaida ya kupata kijivu huchukua takriban asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya bluu, kwa kuwa jicho la binadamu linaiona kijani angavu zaidi. Kwa kipimo cha 0, giza kabisa, hadi 255, mwanga kamili, nyekundu kali yenye thamani 255 inatoa kijivu cha 76. Kijani cha majani chenye thamani 130 kinatoa kijivu cha 76 vilevile. Rangi mbili zilizokuwa zikigombana machoni zimekuwa kitu kimoja, na kisutu kimezama kwenye nyasi. Bluu kali ni mbaya zaidi, inashuka hadi 29, karibu na weusi. Njano inapanda hadi 226.

Kwa hiyo tumia zana ya nyeusi na nyeupe yenye vitelezi vya rangi. Programu ya Lightroom ya simu inavyo vinane. Programu ya Snapseed ina vichujio vitano vya rangi ndani ya zana yake ya nyeusi na nyeupe, navyo vinatosha kuanzia. Ukipandisha nyekundu, kisutu kinang'aa, maua meusi yanasimama, majani yanabaki chini. Ukiishusha, nyekundu inaungana na nyeusi na nakshi inapotea yote. Picha ni ileile, vitambaa viwili tofauti. Wakati wa filamu kazi hii ilifanywa na kioo cha rangi mbele ya lenzi: chekundu kutia giza mbingu ya bluu, cha kijani kuyaangaza majani. Faida yetu ni kwamba tunachagua kioo baada ya kurudi nyumbani.

Ngozi ya binadamu, nyeusi kwa nyeupe, rangi yake ya msingi iko kwenye chungwa na nyekundu. Kitelezi cha chungwa ndicho cha uso. Kipandishe kidogo, ngozi nyeusi inafunguka bila kugusa kanzu wala ukuta. Kidogo, nasema. Kusudi ni kuuona uso, si kumchubua mtu kwa programu. Nyekundu iangalie kwa jicho jingine, kwani inabeba pia midomo, na ukiipandisha mno, mekapu yote ya bibi harusi inafutika.

Mbingu ya bluu inavutia kuishusha mpaka iwe ya dhoruba. Ukizidisha utaona chenga, yaani punjepunje kwenye picha, na utepe mweupe ukizunguka minara na majani ya mnazi. Rudi nyuma mpaka utepe upotee.

Baada ya hapo ndipo uguse kontrasti, yaani tofauti ya giza na mwanga. Hakikisha kuna sehemu moja ndogo nyeusi kabisa na moja nyeupe kabisa, zilizobaki zijipange katikati. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwaweka wateja wenye nguo za maua mbele ya mapazia ya maua, na hakuna anayepotea. Angalia picha zake polepole: maua ya nguo na ya pazia yanatofautiana kwa ukubwa au kwa kiwango cha giza, na nyuso zina mwanga wake. Ni shule nzima kwa anayepiga kanga na vitenge.

Kuhusu ule mtindo wa kuacha kitu kimoja na rangi, ua jekundu kwenye picha ya kijivu: acha tu.

Hatua ya 7: Taa za ukumbini na maturubai

Wanaopiga harusi wanateswa na taa za LED za zambarau na bluu kuliko kitu kingine chochote, na ushauri wanaopewa ni huohuo, geuza nyeusi na nyeupe. Inafanya kazi, ila ujue kinachotokea. Chini ya taa ya bluu kali, nyekundu na kijani ndani ya faili ni tupu. Picha yote imekaa kwenye bluu, na ugeuzaji wa kawaida unaipa bluu ile asilimia 11. Ndiyo maana uso unatoka mweusi tii. Pandisha kitelezi cha bluu na cha zambarau, au chagua kichujio cha bluu, uso utarudi pamoja na chenga kiasi. Chenga kwenye nyeusi na nyeupe zinavumilika, kwenye rangi ni madoa.

Ukiwa ukumbini, angalia histogramu ya rangi tatu na siyo ile ya kijivu tu. Bluu ikiwa imegonga ukuta wa kulia, paji la uso limeungua ndani ya bluu na hakuna kitelezi cha kulirudisha. Punguza mwanga wa kamera papo hapo.

Turubai jekundu au la njano la shughuli ya nyumbani ni kesi ya pili. Jua linapita kwenye kitambaa na kumpaka kila mtu. Kurekebisha mizania ya weupe, yaani mpangilio unaofanya nyeupe itoke nyeupe chini ya taa yoyote, kutatibu nyuso zilizo chini ya turubai na kuwaharibu waliokaa nje yake kwenye fremu hiyohiyo. Wasogeze watu ukingoni, wageukie nje. Ikishindikana, nyeusi na nyeupe, na chini ya turubai jekundu nyekundu iliyojaa humfanya mtu aonekane laini sana, hivyo usiongeze kitelezi chake tena.

Hatua ya 8: Ukibaki na rangi, zifanyie kazi pia

Kubaki na rangi nako kunahitaji mkono. Anza na mizania ya weupe: kwa kipimo cha Kelvin (K), balbu ya njano ni kama 2700 hadi 3000 K, jua la mchana karibu 5500, kivulini 7000 na zaidi. Usipime kwa kanzu mpya, mara nyingi nguo mpya nyeupe huwa na ububluu wa kiwandani. Angalia ngozi.

Picha za filamu za rangi kwa miongo mingi zilisawazishwa maabara kwa kadi za majaribio za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la Shirley, na watu weusi wakatoka kama vivuli vyenye macho. Simu za leo ni bora zaidi, lakini nyingine bado zina tabia ya kumpausha mtu, kumtia ujivujivu. Ukiona hivyo, ongeza joto kidogo na ushushe mwangaza wa jumla, weusi urudi kuwa weusi wenye uhai.

Usikoleze rangi zote kwa pamoja. Chungwa ndiyo huzidi kwanza na ngozi inakuwa ya matofali. Punguza rangi isiyo na kazi, bluu ya turubai kwa mfano, na ile unayoitaka itasikika yenyewe.

Hatua ya 9: Chapisha jaribio kabla ya albamu

Kama picha zinakwenda pamoja, kwenye albamu au ukutani, usizichanganye moja rangi, moja kijivu kwa kubahatisha. Sehemu nzima ya kujiandaa chumbani inaweza kuwa nyeusi na nyeupe, kisha rangi zianze mlangoni na ngoma. Mteja aelezwe kabla ya siku, na apewe picha za sare kwa rangi hata kama wewe unazipenda kijivu.

Sehemu nyingi za kusafisha picha huchapisha nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya rangi, kwa hiyo kijivu chako kinaweza kurudi na ukijani au uzambarau. Peleka picha moja ndogo kwanza, itoe nje uiangalie kwa mwanga wa mchana, halafu ichungulie tena ndani chini ya taa. Ukiona inaegemea rangi, mwambie fundi arekebishe mashine, au uongeze wewe mwenyewe joto dogo la kahawia kwenye faili ili mwegemeo uonekane wa makusudi na ulingane kurasa zote. Faili ghafi za rangi zihifadhi sehemu mbili tofauti, kwa sababu kuna siku yule shangazi atataka kuona sare.